Majani ya Uwanjani: Kulima au Kukata?



Ukurasa huu umezoea kuwaambia habari za kofia ya chuma, viatu vya kazi, vumbi la mawe na maji ya kunywa. Safari hii nataka tuzungumze juu ya kitu kinachoota mbele ya mlango wa kila mmoja wetu, na ambacho hututoa jasho kila Jumamosi ya salongo. Kitu hicho ni majani. Nina maoni yangu juu ya jambo hili, na najua si maoni ya watu wote wa kambi. Shefu wa kambi ameyasikia, kapita wa usafi ameyasikia, tumebishana bila kugombana. Sasa nayaweka mbele yenu.

Nasema hivi: tuache kulima viwanja vya nyumba kwa jembe mpaka udongo mwekundu utoke. Tuyakate majani, tuyakate mara kwa mara, na mizizi tuiache ndani ya udongo. Mkikata kwa subira mtaona majani yenyewe yanabadilika: yale marefu na mabaya yataondoka, na yale mafupi yanayotambaa yatachukua nafasi yao.

Huku kwetu, kuanzia Kasongo mpaka Kabambare, na katika vilima vya Namoya ambako watu wamechimba dhahabu tangu enzi za Wabelgiji, uwanja unaoitwa safi ni uwanja mtupu. Kapita anapita na daftari lake, na akiona majani yamesimama kando ya jiko anaandika amendi. Hasemi kama majani ni marefu au mafupi. Majani ni majani, na amendi ni amendi.

Mama mmoja mzee wa kambi, mke wa mchimbaji aliyekwisha pata pensheni, aliniambia: «Mwanangu, mimi nilifundishwa na mama yangu kwamba uwanja wenye majani ni wa nyumba iliyohamwa. Mgeni akija atakaa wapi? Mpunga nitauanika wapi? Siku ya matanga watu watalala juu ya majani?» Nilimjibu: «Shikamoo mama, maneno yako ni ya kweli. Pale mbele ya mlango, na pale unapoanika mpunga na mihogo, fagia kama ulivyozoea. Nasema habari ya uwanja uliobaki, ule wa kando na wa nyuma, unaoshuka mpaka bondeni.» Alicheka, akasema atanipa masika moja aone. Basi msidhani nataka kuwafanya akina mama waanike mpunga juu ya umande.

Tatizo letu kubwa liko kwenye huo uwanja wa nyuma. Kambi yetu iko kwenye mteremko, kama kambi nyingi za machimbo. Mvua za hapa zinaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka mwezi wa tano, na matone yake ni mazito. Tone likianguka juu ya jani linavunjika na kuteremka polepole. Likianguka juu ya udongo mtupu linaupiga, linaufumua, na maji yanaondoka nao. Mwaka wa kwanza unaona mistari midogo kama ya vidole. Mwaka wa pili mtoto anaweza kuficha mguu wake ndani ya mfereji. Nendeni mkatazame safu ya nyumba za chini: msingi wa ukuta uko nje, na choo kimoja kimeinama. Udongo huo haukuchukuliwa na mvua peke yake. Sisi tuliulegeza kwa jembe, Jumamosi baada ya Jumamosi, na tuliokataa tukalipishwa.

Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, uwanja huo huo unageuka vumbi. Hapo ndipo funza wa miguuni anapopenda. Mayai yake yanaanguka katika udongo mkavu na laini, na humo ndimo watoto wake wanakokulia kabla ya kurukia mguu wa mtu, wa nguruwe au wa mbwa. Kwenye dispansere yetu miguu ya watoto yenye funza tunaiona zaidi wakati wa vumbi. Na kila funza anayetolewa kwa pini isiyochemshwa anaacha mlango wazi kwa pepopunda.

Sasa tuje kwenye majani yenyewe, maana wengi hudhani kukata ni kuahirisha kazi tu. «Nikikata leo, baada ya wiki mbili yamerudi, nikilima, nimemaliza.» Ni kweli kwamba yanarudi. Lakini yanayorudi si yale yale.

Mhogo na mwembe hukua kwa ncha ya juu. Majani ya nyasi ni tofauti: jani linasukumwa kutoka chini, pale linaposhikana na shina. Ndiyo maana mbuzi akila ncha, jani linaendelea kusogea kama kwamba halikuguswa. Jicho la mmea, mahali panapotoka majani mapya, mwanzoni limejificha karibu na udongo. Katika majani marefu, kama matete na yale ya kuezekea nyumba, jicho hilo linapanda juu pamoja na shina wakati mmea unapojitayarisha kutoa maua. Ukilikata wakati huo shina hilo limekwisha. Lazima mmea uanze lingine kwa akiba iliyo mizizini. Ukikata tena kabla haujajaza akiba, unakonda. Matete yanayokatwa kila wiki mbili yanakuwa kama mtu anayefanya kazi ya shimoni bila kula.

Majani yanayotambaa, kama ukoka, yana maisha mengine. Shina lake linalala chini, linaweka mizizi kila pingili, na jicho lake liko chini ya makali ya panga. Ukikata unamwondolea tu ndugu yake mrefu aliyekuwa akimzibia jua. Hivyo panga lile lile linalomwumiza mmoja linamsaidia mwenzake.

Nyuma ya dispansere tumekata kwa masika matatu, na nimetazama kila hatua. Masika ya kwanza yalikuwa aibu. Visiki vya matete vilisimama, na katikati yake yakaja majani ya mbegu: vishona nguo, na mengine laini yenye maua madogo ya rangi ya bluu. Watu walipita wakisema muganga amefungua shamba la nyoka. Lakini majani ya namna hiyo huishi kwa mbegu. Ukiyakata kabla hayajatoa mbegu, mwaka unaofuata yanapungua, na mwaka wa tatu yanapungua zaidi, ingawa mbegu nyingine hulala udongoni miaka mingi zikingoja nafasi. Masika ya pili visiki vilianza kufa katikati, vikabaki kama pete. Ukoka uliingia kutoka pembeni mwa njia, bila mtu kuupanda. Chini ya mwembe, ambako jua ni kidogo, ukoka ulishindwa, na mahali pake pakashikwa na majani mengine ya kutambaa yenye upana wa kidole. Masika ya tatu udongo ulikuwa umefunikwa karibu wote.

Yale yenye ncha kali kama sindano na maua meupe kama pamba ndiyo yalikuwa ya mwisho kutoka. Yana mizizi mirefu myeupe inayopenya mbali chini ya udongo. Jembe likiikata vipande, kila kipande kinaweza kuwa mmea mpya. Kwa hiyo anayelima anayapanda bila kujua. Moto nao unayasaidia, maana unachoma wenzake juu, na yeye aliyelala chini anaamka peke yake. Kuyakata mara nyingi na kuyatia kivuli ndiko kunakoyachosha.

Mnaweza kuona haya yote mahali pamoja bila kwenda mbali. Tazameni uwanja wa mpira. Mbele ya goli ni udongo mtupu. Katikati, ambako vijana wanakimbia kila jioni, kumejaa yale majani magumu yenye shina lililolala bapa, ambayo mtoto hawezi kuyang'oa kwa mkono mmoja. Kwenye pembe za kona kuna ukoka mzuri. Nyuma ya kamba, ambako mkataji hafiki, ni matete. Mbegu za jirani zinafika pote sawasawa, na mvua ni ile ile. Tofauti ni miguu na panga.

Jambo hili limechunguzwa na watu wengine, miaka mingi kabla yetu. Kule Uingereza, mahali panapoitwa Rothamsted, kuna uwanja wa majani uliogawanywa vipande mwaka 1856. Tangu wakati huo majani yake yanakatwa kila mwaka, na kila kipande kina utaratibu wake wa mbolea. Kipande kisichopewa kitu kina aina nyingi za mimea, zaidi ya thelathini. Vipande vilivyomwagiwa mbolea moja ya chumvi ya amonia miaka yote, bila chokaa, udongo wake uligeuka mchachu na aina zikabaki mbili au tatu tu. Mwanzoni uwanja ulikuwa mmoja.

Karibu na sisi zaidi, katika mbuga ya Serengeti nchini Tanzania, mtaalamu mmoja Mmarekani, Samuel McNaughton, aliandika mwaka 1984 juu ya viwanja vya majani mafupi vinavyotengenezwa na wanyama wenyewe. Mahali nyumbu na wenzake wanapokula bila kuacha, majani yanakuwa mafupi na mazito kama mkeka. Mengine, hata yakihamishwa na kulelewa mahali ambapo hayaliwi, hubaki mafupi. Ufupi umeingia katika uzao wake. Wale wafupi ndio walioponea meno, wakazaa. Nyumbu hana kapita wala daftari, lakini kazi yake ameifanya vizuri.

Kukata nako kuna ubaya wake ukifanywa vibaya. Ukikata chini kabisa, kama mtu anayenyoa kichwa, unaondoa majani yote ambayo ukoka unayatumia kupata chakula, na udongo unaonekana. Katika nafasi hizo wazi huingia ndago, na kifauongo mwenye miiba ambaye anajua kulala chini ya panga. Ukikata mara moja katika miezi mitatu, matete yanapumua na kushinda tena. Urefu mzuri ni vidole vinne baada ya kukata. Wakati wa mvua kata kila wiki mbili. Kiangazi majani hayasogei. Yaache, hata yakiwa na rangi ya kahawia, maana mizizi ingali hai. Vipande vifupi vilivyokatwa viacheni pale pale vioze. Anayechukua kila kitu kila mara na kukitupa anachukua chakula cha udongo pia.

Najua swali linalowangojea midomoni: na magonjwa? Kama mtu wa dispansere nitajibu bila kuzunguka.

Malaria kwanza. Mbu anaweza kupumzika katika majani marefu mchana, lakini hazaliwi humo. Anazaliwa majini. Na mbu mkubwa wa malaria wa nchi zetu hupenda dimbwi dogo lililo wazi kwenye jua: alama ya tairi, shimo la matofali, mfereji uliochimbwa na mvua kwenye uwanja mtupu. Kwa hiyo anayelima mpaka mifereji itokee hajamfukuza mbu. Huenda amemjengea nyumba. Malaria tunapigana nayo kwa chandarua chenye dawa, kwa kufukia madimbwi na kwa kupimwa upesi. Msimwache mtoto alale bila chandarua kwa sababu uwanja ni mwekundu.

Malale tunaijua sana sisi watu wa Kasongo na Kabambare. Ndorobo anayeileta anakaa kwenye vivuli vya mito, mahali pa kuteka maji na pa kuoga. Majani mafupi ya uwanjani hayamhusu. Na papasi wa homa ya kimputu anakaa katika nyufa za sakafu na za ukuta wa udongo, ndani ya nyumba mnayoifagia.

Minyoo ya safura ni jambo jingine, na hapa siwafichi kitu: hupenda udongo wenye unyevu na kivuli, kwa hiyo majani hayaizuii. Dawa yake ni choo kinachotumiwa na kila mtu, watoto nao, na kandambili miguuni. Uwanja ambao watoto wanajisaidia pembeni hautakuwa salama, ukiwa mtupu au ukiwa na ukoka.

Amebaki nyoka, na juu ya nyoka walinzi wa uwanja mtupu wana haki nusu. Majani yanayofika magotini mbele ya nyumba ni hatari, na yeyote anayeyaacha hivyo astahili maneno ya kapita. Kifutu hakimbii, analala kimya, na unamkanyaga. Lakini juu ya majani ya vidole vinne kifutu anaonekana mchana, na usiku anaonekana kwa taa ya mkono. Nyoka anafuata panya na vyura. Kuni zilizorundikwa ukutani, matofali mabovu, mahindi yaliyomwagika jikoni, hivyo ndivyo vinavyomwita. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi za joto, na sisi wa vijijini tulikuwa tunangoja neno hilo. Akiuma, msichanje, msifunge kamba ya kukaza, msipoteze saa kwa jiwe jeusi. Mlazeni mtu, zuieni mguu usitikisike kwa kufunga ubao kama wa mfupa uliovunjika, mmbebe mpaka dispansere. Asitembee mwenyewe.

Kuna kijana mmoja, fundi mzuri, aliyenishauri tumalize mabishano kwa kupuliza dawa ya kuua majani. Nakataa kabisa. Dawa ya kuua majani inatuacha pale pale kwenye udongo mtupu. Tena mojawapo ya dawa hizo, parakwati, haina dawa ya kuipinga. Funda moja likinywewa linaweza kuua, na nimewaona watu wakiweka dawa za shamba katika chupa za bia. Katika nyumba yenye watoto hilo halisemeki.

Kwenye kazi ya kukata yenyewe ndipo ajali zilipo, na huu ni ukurasa wa usalama. Wakataji wasimame mbali, mmoja na mwenzake, urefu wa mapanga mawili pamoja na mikono iliyonyoshwa. Buti, si kandambili. Makali yakiteleza juu ya jiwe yanakuja kwenye ugoko. Kabla ya mashini ya kukata majani kuwashwa, mtu apite aokote mawe, vipande vya chuma na mifupa, na watoto waondoke kabisa, maana jiwe lililorushwa na mashini linaingia jichoni kama risasi. Miwani ya kazi mnayovaa kwenye kinu ifae na hapa. Na jeraha dogo la jani au la kisiki lioshwe kwa maji safi na sabuni siku ile ile. Mwaka 1870 Mskoti David Livingstone alilala wiki nyingi hapa Kabambare, mahali alipopaita Bambarre, hawezi kusafiri kwa sababu ya vidonda vya miguu. Tangu hapo dawa zimepatikana, lakini donda ndugu bado linaanza vile vile, kwa mkwaruzo ambao mtu aliudharau.

Sasa ninaloomba kwa kampuni, na naliomba waziwazi. Amendi ya majani ibadilishwe: ilipwe kwa majani yanayopita kiganja kimoja cha mkono, na tena ilipwe na yule anayelima mteremko mpaka udongo uwe mtupu. Salongo ya masika iwe kila Jumamosi ya pili, kwa panga la kufyeka na si kwa jembe. Wakataji wa kudumu wapewe buti na miwani kama wachimbaji, maana nao wanaumia. Na kazi ianze kwenye safu ya nyumba za chini, ambako choo kimeinama, kabla masika mengine hayajakiangusha. Nimeambiwa kwamba jembe moja ni bei nafuu kuliko wakataji wawili. Ndiyo, lakini hesabu hiyo haikutia gharama ya kujenga msingi upya, na wenye vitabu vya kampuni wanajua bei ya saruji ikishafika huku kwa barabara yetu.

Kwa wale wasiotaka kungoja masika matatu, ukoka unaweza kupandwa. Mvua za mwezi wa tisa zikishalowanisha udongo, chukueni vipande vya shina vyenye pingili mbili au tatu, mvilaze katika vifereji vinavyokata mteremko, umbali wa hatua moja kati ya kifereji na kifereji, mfukie nusu na kukanyaga kwa mguu. Msifuate mteremko kutoka juu kwenda chini, maji yatavichukua. Ukoka upo tele kwenye kona za uwanja wa mpira. Kapita amekubali kila nyumba ichukue kikapu kimoja.